Mama wa Tigi na Mwalimu Aliyejitokeza Msibani

Habari ya kifo chake niliipata kwa jirani, juu ya ukuta wa ua, wakati nanyoa ndevu. Hakuanza na pole, alianza na sababu. "Yule mama wa kuchomelea amefariki," aliniambia, "na watu wanasema ule mwanga wake ndio uliommaliza." Nikabaki na povu la sabuni shavuni na wembe mkononi, nimeshindwa kuamua nilie kwanza au nigombe kwanza. Nikagomba. Mama yule alikuwa na shinikizo la damu tangu tumfahamu, vidonge vyake alivihifadhi kwenye kopo la kahawa juu ya kabati la mgahawa, na kila mteja wake hapa Tunduma alishamsikia akilalamika juu ya miguu kuvimba. Alilazwa, akapata nafuu, akalazwa tena, safari hii hakurudi. Mwanga hauhusiki. Lakini angekufa akiwa anapika tu, nani angesema moshi wa jikoni umemmaliza? Wapo wanawake wengi mtaani kwetu wanaokohoa kwa moshi wa mkaa mwaka hadi mwaka, na sijasikia hata mmoja akilaumiwa kwamba alijitakia. Huyu alilaumiwa kabla hajazikwa, kwa sababu alishika kazi ambayo watu walishaamua si yake.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua siandiki tanzia. Nikiandika juu ya marehemu ni kwa sababu kuna walio hai wamenikera, na safari hii wamenikera kweli. Hasira hii nimeibeba tangu mazishini hadi leo, na mke wangu ameniambia niipeleke gazetini, nisiendelee kuitembeza nyumbani.

Kwanza mjue tunamzungumzia nani. Mama huyu alizaliwa Igamba, kwenye familia ya wakulima wa kahawa, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akashuka Tunduma na binti yake mmoja kuja kutafuta maisha. Alifungua mgahawa karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Aliwapikia madereva ugali, maharage na nyama ya kukaanga, na alikuwa na sifa mbili ambazo hakuna aliyebisha. Ya kwanza ni mdomo. Hakuwa mpole hata kidogo, na aliyemwita mpole siku ya mazishi hakumjua au aliogopa maiti. Ya pili ni masufuria. Masufuria yake yalisuguliwa nje na ndani mpaka unajiona uso, na yalipangwa kwenye kichanja kuanzia kubwa hadi dogo, yakielekezwa barabarani ili wapita njia wayaone. Wanawake wa huku wanaelewa ninachosema. Mwanamke anaweza kukusamehe ukimsema vibaya, lakini sio ukiacha sufuria lake na masizi.

Mambo yalianza pale sufuria lake kubwa kuliko yote, lile la kupikia watu wengi kwenye shughuli, lilipopasuka ukingoni. Mjini wakati ule kulikuwa na fundi mmoja tu aliyesifika kwa kuchomelea alumini. Wachomeleaji wa chuma walikuwa wengi, kila kona kuna mtu anarusha cheche na kutengeneza mageti, lakini alumini ilikuwa ya huyo mmoja, mwenye banda jirani na maegesho ya malori. Alitumia mashine wanayoiita tigi, ambayo ina sindano ngumu isiyoyeyuka, na gesi ya argoni inayotoka puani mwa kishikio chake chenye moto, kukinga hewa isiharibu kazi. Dereva aliyepasukiwa bomba la alumini kwenye injini alikuwa hana ujanja, lazima amnyenyekee fundi huyo. Na fundi alikuwa na desturi yake. Kabla hajawasha, alikuwa anavaa koti refu, hata jua likiwa la kupasua vichwa, kisha anaipa mashine uso na kuwapa watu mgongo, anatanua koti kama kuku anayefunika vifaranga, halafu ndipo anazungusha vile vifundo vya kurekebishia umeme na gesi. Akimaliza kazi anavirudisha vyote mwanzo, asije mtu akasoma alipoviacha. Msaidizi yeyote alitumwa maji au sigara katika dakika hizo. Nimeliona koti hilo kwa macho yangu. Wengi wetu tuliliona, tukacheka, tukasema huyo ndiye fundi.

Mama hakucheka. Sufuria lake lilirudishwa likiwa limeungwa kwa kidonda kinene, na lilivuja maharage kwenye harusi ya watu. Aliporudi kudai alione linavyorekebishwa, fundi alimwambia mwanamke hasimami nyuma ya mashine. Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyomnunulia mama ile mashine. Msimu wa kahawa ulipofika aliuza mavuno ya kipande chake cha Igamba, akaagiza tigi ya Kichina kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mpakani, pamoja na mtungi wa gesi na kofia ya kioo cheusi, akaviweka kwenye banda la uani alipokuwa akifuga kuku. Kuku wakahamishiwa jikoni. Sisi majirani tukajua kuna jambo pale umeme ulipokatika mtaa mzima mchana mweupe, redio yangu ikazimika katikati ya taarifa ya habari, na sauti yake ikasikika ikitangaza kwamba ni yeye na asitukanwe.

Alumini, kwa mtu anayeanza, ni kitu cha kukutia wazimu. Alinieleza mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Chuma kinakuonya, kinakuwa chekundu, unajua sasa kimeiva. Alumini haibadiliki rangi. Unaipasha, unaipasha, unaona haijawa kitu, ghafla inang'aa kidogo na kipande chote kinakudondokea miguuni. Mkono mmoja umeshika kile kishikio cha moto, mwingine unalisha fito ya kujazia, mguu unakanyaga pedali ya kuongeza na kupunguza umeme, na vyote vitatu vinatakiwa vielewane. Sindano ikigusa kile kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka, inachafuka, inabidi uzime na kuinoa upya. Aliinoa mara nyingi sana. Shingo ilimbabuka kwa sababu alisahau kufunga kanga vizuri. Siku moja aliinua kofia mapema, akashinda na macho yanayowasha kama yamejaa mchanga, amelala na vipande vya viazi mviringo juu ya kope, huku akiendelea kuwapigia kelele wasichana wa jikoni juu ya chumvi.

Ila kulikuwa na tatizo moja ambalo halikuisha hata mkono ulipotulia. Kila mshono alioutengeneza ulitoka mweusi, umejaa vitundu, kama andazi lililoungulia kwenye mafuta mabaya. Ukiugonga unavunjika. Alibadili fito, alibadili gesi, alimtukana aliyemuuzia. Hakuna kilichosaidia. Na kosa lilikuwa mbele yetu sote, linang'aa. Kabla ya kuchomelea, mama alikuwa anaisafisha alumini jinsi anavyojua kusafisha alumini, jinsi alivyofundishwa na mama yake na bibi yake. Aliisugua kwa majivu, sabuni na stilwaya ile ile ya masufuria, mpaka kipande kikawa kioo. Kila kipande kilichoharibika kilimfanya asugue kwa nguvu zaidi kipande kinachofuata. Kumbe majivu yanabaki kwenye vinyweleo vya madini, sabuni inabaki, na stilwaya inaacha chembe za chuma, na vyote hivyo vikikutana na moto vinakuwa ule weusi na vile vitundu. Kadiri alivyokuwa mwanamke msafi, ndivyo kazi yake ilivyokuwa chafu.

Fundi wa koti alikuwa mteja wake wa mchana. Ndiyo, alikula pale pale, kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyuma ya mashine, kwa sababu hakuna aliyepika maharage kama yule mama. Siku moja nilikuwepo. Mama alikuja na kipande kimoja, akakiweka mezani kando ya sahani ya fundi, akamuuliza anakosea wapi. Ilimgharimu kuuliza, nilimwona usoni. Fundi alikigeuza kipande, akaangalia ule mshono mweusi, kisha akaangalia sehemu iliyosuguliwa inayong'aa, akatazama kichanja cha masufuria, halafu akarudi kwenye kipande. Alielewa pale pale. Mtu akielewa kitu, macho yake yanatulia, na yake yalitulia. Akatabasamu, akamega tonge.

"Endelea hivyo hivyo, mama," alisema. "Utafika."

Akaendelea. Alisugua kwa majivu mvua zote zile, mpaka mahindi ya Mbozi yakaanza kuletwa sokoni, kwa sababu fundi alimwambia aendelee hivyo hivyo.

Aliyemtoa kwenye shimo hilo hakuwa mtu wetu. Alikuwa dereva wa Kizambia aliyekwama mpakani akisubiri karatasi zake, mtu mzima, ambaye zamani alifanya kazi kwenye karakana ya mgodi huko kwao. Alikuwa anapita uani kwenda kunawa mikono, akaona vipande vilivyotupwa, akaokota kimoja na kukinusa. Akamuuliza mama anasafisha na nini. Mama akajibu kwa majivuno, akamwonyesha jinsi kinavyong'aa. Kiswahili cha yule dereva kilikuwa cha kuokoteza barabarani, lakini nilimwelewa vizuri.

"Mayo," alimwambia, yaani mama kwa Kibemba, "hii inang'aa, lakini si safi. Majivu iko ndani."

Kisha akamweleza yote, hapo hapo, maji yakimtiririka mikononi. Futa kwanza kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Halafu piga burashi ya nyaya zisizoshika kutu, burashi mpya ambayo haijawahi kugusa chuma wala sufuria, na isiguse kitu kingine mpaka ife. Ukishapiga burashi usishike tena kwa vidole. Chomelea upesi, usiache ikakaa. Alimpa burashi yake mwenyewe kutoka kwenye lori. Hakuomba kitu, hata chakula alilipia, ingawa mama alikataa na wakagombana juu ya hilo. Alasiri hiyo mama alifanya mshono wake wa kwanza mweupe, wenye mawimbi madogo yaliyolaliana vizuri, na akatuita majirani wote tukauone. Hata mimi ambaye sijui kitu niliona kwamba ni kitu kingine.

Furaha yake haikudumu hadi jioni. Alikaa na kufikiri, kisha akasimama, akachukua kipande cha zamani na kipande kipya, akaenda navyo hadi kwenye banda la fundi. Nilimfuata kwa sababu nilimfahamu, niliogopa angempiga. Hakumpiga. Alimwekea vipande viwili juu ya mashine na kumwambia kwamba yeye fundi alilijua kosa, alikula chakula cha mama huku akilijua. Fundi hakukana. Alisema jambo ambalo nimelitafakari sana tangu siku hiyo, kwa sababu naye alilisema kwa uchungu.

"Mimi nilibeba spana za watu miaka mingi, natukanwa na kupigwa, nikaiba kwa macho kidogo kidogo," alisema. "Wewe unataka upewe kwenye sahani?"

Mama akamjibu, "Ndiyo. Mbona mimi nakupa kwenye sahani kila siku?"

Sasa niruhusuni niondoke kidogo kwenye msiba, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Sisi wenye umri tunakumbuka miaka ile bidhaa zilipoadimika. Sukari ilikuwepo, lakini chini ya kaunta. Sabuni ilikuwepo, kwa mwenye kujuana na muuzaji. Ulikuwa unaingia dukani, unaambiwa hakuna, na unaondoka huku unaisikia harufu ya sabuni. Ndipo milango ya biashara ikafunguliwa. Hapa Tunduma tuliuona ufunguzi huo kwa macho kuliko mtu mwingine yeyote nchini, maana ulipita mbele ya milango yetu, lori baada ya lori. Sukari ikajaa, sabuni ikajaa, mitumba, redio, simu, na mashine za kila aina ambazo baba zetu hawakuzisikia. Tukadhani tabia ya chini ya kaunta imekufa. Haikufa. Ilipokosa sukari ya kuficha, ikaanza kuficha ujuzi. Leo unaweza kununua mashine yoyote duniani ukiwa umekaa hapa mpakani, lakini jaribu kumuuliza mtu namna ya kuiwasha. Kijitabu chake kimeandikwa Kichina, aliyekuuzia hajui, na anayejua amevaa koti.

Na msidhani namsema fundi mmoja. Karani wa ofisini anakuona umeleta karatasi pungufu, anakuacha upange foleni tangu asubuhi mpaka umfikie, ndipo anakwambia kuna moja imekosekana, na ukiirudisha hiyo anakwambia kuna nyingine. Alijua zote tangu mwanzo. Mwenye gereji anakufungia gari lako akiwa ndani ya shimo ili usione alichofungua. Mkulima wa kahawa aliyepata mche mzuri anakugawia mche, anakunyima habari ya jinsi ya kuukata matawi. Hata mpishi wa keki za harusi akikupa maelezo ya keki yake, anaacha kitu kimoja, ukiipika yako inabonyea, anakuja kuionja na kukupa pole. Tunaita hivyo akili ya maisha. Mimi naita wizi, tena mbaya kuliko wa mfukoni, kwa sababu aliyeibiwa hajui alichokosa, anabaki anajilaumu kwamba ni mjinga. Najua jibu lenu: fundi naye aliteswa. Naamini aliteswa. Lakini mtu aliyenyanyaswa akiwa chini, akapanda juu na kuanza kuwakanyaga walioko chini yake, sioni kwa nini nimwonee huruma mara ya pili.

Mama yeye alifanya kinyume, na hakufanya kwa upole, alifanya kwa ubishi. Alibomoa ukuta mmoja wa lile banda la kuku, upande wa barabara, akaigeuza mashine uso uelekee njiani. Kila alasiri, baada ya wateja wa mchana kupungua, aliwasha na kutangaza kwa sauti anachofanya, kama muuza mitumba anavyotangaza bei. Hapa naweka umeme wa alumini, si ule wa chuma. Hapa gesi, msikilize inavyopumua. Hapa nafuta, hapa napiga burashi, na wewe uliyeshika kipande kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, rudia upya. Watu walisimama, kwanza kwa kucheka, baadaye kwa kuangalia, mwishowe wakaingia. Alikuja fundi wa pikipiki kutoka Msangano, akajifunza, akarudi kwao na sasa wakulima wa huko hawasafiri tena hadi mjini kwa ajili ya injini iliyopasuka. Alikuja mwanamke mmoja wa Ikinga, mkimya sana, ambaye mama alimgombeza mpaka nikamhurumia, na kumbe ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Nami nilivalishwa kofia siku moja. Niliichomeka sindano kwenye alumini ikanasa kama mwiko kwenye ugali, akaninyang'anya na kuniambia nirudi kwenye kalamu, huko angalau nikiharibu hakunuki.

Madereva waliacha kumnyenyekea fundi wa koti. Wazambia walimwita Mayo, na walipoondoka walisema natotela, yaani ahsante, na kupiga honi wakipita mbele ya banda. Binti yake, aliyekuwa amekulia kati ya maharage na mtungi wa gesi, alijifunza bila kuambiwa ajifunze. Mama alipoanza kuumwa, binti ndiye aliyeshika moto, mama akikaa kwenye kiti anasahihisha.

Turudi msibani. Mnajua historia fupi ya marehemu inavyosomwa kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Ilisomwa na ndugu mmoja wa upande wa mume. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kufiwa, kuugua. Ilipofika kwenye kazi ilisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani, aliyejishughulisha pia na biashara ndogo ya chakula. Basi. Nilimwangalia yule mwanamke wa Ikinga, amekaa chini kwenye mkeka, akainamisha kichwa. Kisha likaitwa neno la marafiki, na nani akasimama? Fundi, akiwa safari hii amevaa suti. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba marehemu alikuwa mwanafunzi wake mpendwa, kwamba alimpokea akiwa hajui kushika hata koleo, akamlea kiufundi mpaka alipofika. Watu wakasema amina. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kweli huyu ndiye mwalimu, angalia unyenyekevu wake. Nilikohoa kwa makusudi, mke wangu akanifinya.

Ningeliacha hilo lipite kama uongo wa kawaida wa misibani, kama lisingekuwa na meno. Baada ya kuanua matanga, ukoo wa mume ukakaa kikao pale uani, nasi majirani tukaombwa tubaki kama mashahidi. Mwenyekiti alikuwa shemeji wa marehemu, baba mdogo wa binti. Vyombo vya jikoni, akasema, abaki navyo binti, ndivyo vyake. Lakini ile mashine ni kitu cha kiume na cha hatari, na kwa kuwa mwalimu wa marehemu yupo, ukoo umeona busara aichukue yeye aitunze. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayepewa mzigo mzito. Nikaelewa kwa nini suti. Mashine ile ikiondoka uani, hakutakuwa tena na ukuta uliobomolewa wala watu wanaosimama alasiri kuangalia, na madereva wangerudi kunyenyekea. Binti angebaki na masufuria.

Binti alisimama, bado amejifunga kanga ya msiba. Alizungumza na baba yake mdogo kwa heshima, akiwa ameinamisha macho kama inavyotakiwa, lakini sauti haikuinama.

"Baba mdogo, mama hakufundishwa na mtu huyu. Na kazi hii ninaijua. Naomba mashine ibaki."

Watu wakanong'ona. Baba mdogo hakukasirika, nadhani alijiona mtu wa haki. Akasema kama kweli anaijua, basi aionyeshe. Na ikatokea kwamba alikuja mjini na kifuniko cha injini ya pikipiki yake, kimepasuka, kinavujisha oili, ambacho alikusudia kumpa fundi akiunge. Kikatolewa kwenye mfuko, kikawekwa mkononi mwa binti.

Sikutamani kuwa yeye. Waliobobea watakwambia alumini iliyokunywa oili kwa miaka ni mtihani hata kwa mkongwe. Binti alikiosha kwa spiriti, akakiacha kikauke, akakipasha moto polepole mpaka oili ikaanza kutoka kama jasho ndani ya madini, akaifuta, akapasha tena, akafuta tena. Akapiga burashi. Akatuambia tusiangalie mwanga, akashusha kofia, akawasha. Mshono wa kwanza ukachemka na kutoka mweusi. Nilimwona fundi akitabasamu ndani ya kikombe. Binti hakuharakisha wala hakujitetea. Alichukua tupa, akakwangua weusi wote mpaka akafika kwenye madini safi, akaanza upya, mguu wake ukinyanyuka na kushuka kwenye pedali, fito ikiingia tone kwa tone. Alipoinua kofia alikuwa analia, sijui kwa kazi au kwa mama yake. Kifuniko kilipopoa, baba mdogo alikijaza oili, akakiweka juu ya gazeti, tukasubiri. Gazeti halikulowa. Baba mdogo akakipitisha kidole, akasema, "Mashine ibaki hapa." Wanawake wakapiga vigelegele vya machozi, mwanamke wa Ikinga akamkumbatia binti mpaka kofia ikaanguka. Wengine walimshukuru Mungu kwa sauti, na nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Nilikuwa nimeshafika kwangu, nimevua viatu, hasira iliponishika. Niliketi nikijiuliza tumeshangilia nini. Msichana amefiwa na mzazi wake pekee, udongo wa kaburi haujakauka, amesimamishwa mbele ya wazee na majirani afanye mtihani ili aruhusiwe kubaki na mali ya mama yake mwenyewe. Angeshindwa, na angeweza kushindwa, maana mkono wa mtu anayelia hautulii, angenyang'anywa na sote tungeona ni haki. Mwanamume aliyedai ualimu yeye alikaa kwenye kiti kikao kizima. Alipewa chai, ikaongezwa. Ushahidi wake ulikuwa suti na sauti ya huzuni, na ulitutosha. Hata aliposhindwa hakuna aliyemwambia kitu, aliaga kwa kushikana mikono na kila mzee, akasindikizwa hadi barabarani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, sina somo kubwa, nina ombi tu. Siku mtu atakaposimama msibani kwako na kusema yeye ndiye aliyemfundisha marehemu, mwache binti wa watu akae chini amlilie mama yake, na huyo mwalimu mpe kipande cha alumini.